Barua pepe za biashara hazifiki, zinarudi au zinalalamikiwa: tafuta tatizo lako hapa

Wenye biashara wa Mombasa wanaowaandikia wateja wao kwa barua pepe, kuanzia hoteli za Nyali na Bamburi hadi maduka ya leso ya Biashara Street, huleta malalamiko yale yale. Barua zinaangukia kwenye spamu, yaani kikasha cha barua taka. Zinarudi. Zilikuwa zikisomwa, sasa hazisomwi. Mteja amekasirika na anatishia kushtaki. Akaunti ya kutuma barua imefungwa, na Desemba ndiyo hiyo inabisha hodi. Mengi ya matatizo haya yana mzizi mmoja: anwani iliingiaje kwenye orodha, na mwenyewe aliambiwa nini siku alipoitoa. Kwa hiyo utaniona nikilirudia swali hilo hata pale ulipotarajia nizungumzie mitambo.

Mwongozo umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi, nikamalizia na ile ya nadra. Kabla hujagusa kitu, fanya mambo mawili. Simamisha kampeni zote, yaani barua za matangazo, zilizowekwa zijitume zenyewe. Kisha pakua nakala ya orodha nzima, pamoja na majina ya waliojiondoa, uihifadhi mahali penye nenosiri. Majina ya waliojiondoa ndiyo watu huyasahau, na ndiyo yanayowaingiza matatani.

## Dalili ya 1: Barua zinafika, lakini kwenye spamu

Jua kwanza ni kwa nani. Tafuta anwani tatu, moja ya Gmail, moja ya Yahoo na moja ya Outlook, za watu ambao hawajawahi kufungua barua zako, uwatumie ile ile kampeni. Ikiangukia kwenye spamu ya mmoja tu, una neno na mtoa huduma huyo. Ikiangukia kote, kasoro iko kwako.

Unatuma kwa jina la Gmail au Yahoo kupitia mfumo mwingine. Hii ndiyo naikuta zaidi kwa biashara ndogo. Mtu ana anwani ya duka inayoishia na gmail.com, anaiweka kama jina la mtumaji ndani ya Mailchimp, Brevo au mfumo mwingine wa kutumia watu wengi barua kwa pamoja, kisha anashangaa. Seva ya mpokeaji, yaani kompyuta inayompokelea barua, inaona barua inadai imetoka Gmail ilhali haikupita Gmail, na inaichukulia kuwa ya mlaghai. Yahoo iliwaagiza wapokeaji wazikatae barua za namna hiyo tangu 2014, na Februari 2024 Google na Yahoo wakakaza kamba pamoja. Hapa hakuna dawa ya kubahatisha: nunua kikoa chako, yaani jina lako mwenyewe la baada ya alama ya @, kwa mfano linaloishia na .co.ke, utume kwa jina hilo.

Rekodi za kikoa hazijakaa sawa. Kikoa unacho, lakini rekodi tatu zinazothibitisha kwamba barua ni yako, SPF, DKIM na DMARC, zina kasoro. Kulikagua hili ni rahisi. Fungua barua yako mwenyewe ndani ya Gmail kwa kompyuta, bonyeza vitone vitatu vilivyo upande wa kulia, uchague kuiona barua katika hali yake ya asili. Juu kabisa pana jedwali dogo, na mistari mitatu ya mwisho ina majina hayo matatu. Mbele ya kila jina patakuwa na neno PASS au FAIL. Mstari ukikosekana kabisa, maana yake rekodi haipo.

SPF ikifeli, aghalabu utakuta kikoa kina rekodi mbili za SPF: moja ya kampuni inayotunza tovuti, nyingine iliyoongezwa siku mlipojiunga na mfumo wa kutuma barua. Kikoa kimoja hubeba rekodi moja tu ya SPF, kwa hiyo mbili huuana. Ziunganishe ziwe mstari mmoja. Tena hiyo moja haitakiwi kuzidisha rejea 10 za DNS, yaani daftari la mtandao linalotunza rekodi za vikoa, nayo hoteli iliyojaribu mifumo mingi kwa miaka hupita idadi hiyo pasipo kujua. DKIM ikifeli, huwa ufunguo wake mrefu ulikatika wakati wa kunakiliwa, herufi za mwisho zikabaki nje. Na zote tatu zikifeli kwa mpigo, uliza: je, tovuti ilihamishwa hivi karibuni? Fundi huhamisha kurasa, akasahau rekodi za barua.

SIMAMA HAPA ikiwa hujawahi kuhariri DNS. Ukifuta kimakosa rekodi ya MX, ile inayoelekeza barua zako zifikie wapi, barua zote zinazokuja kwako zitakatika, maombi ya vyumba yakiwemo, na hutaambiwa na mtu. Piga picha ya ukurasa mzima wa rekodi kabla ya kubadilisha hata nukta, halafu muite anayetunza kikoa chako. Na usirukie DMARC ya kukataa kabisa, ile yenye p=reject. Anza na p=none, isiyozuia kitu, usome ripoti za DMARC kwa wiki kadhaa. Unaweza kukuta mfumo wa kuhifadhi vyumba na programu ya ankara nazo hutuma kwa jina lako, na ungezifungia mlango.

Watu wanabonyeza kitufe cha spamu. Google inawataka watumaji wabaki chini ya malalamiko 0.3%, na inashauri wasifike hata 0.1%. Chukua barua 1,000 zilizofika kwenye vikasha vya Gmail: watu watatu wakibonyeza, tayari uko ukingoni. Kiwango chako utakiona kwenye Postmaster Tools ya Google, ambayo ni bure, ila huonyesha takwimu pale tu unapotuma barua za kutosha. Kikiwa juu, usipoteze muda kwenye rekodi wala maneno ya kichwa cha barua. Ruka moja kwa moja hadi dalili ya 4, maana watu hawa wanakwambia hawakukuita.

Maudhui yenyewe. Wengi huanzia hapa, nami nimeiweka mwisho kwa makusudi. Lakini kuna kosa moja la kweli: bango lililotengenezwa kwa ajili ya WhatsApp, picha moja kubwa isiyo na mstari wa maandishi, linabandikwa ndani ya barua pepe. Mpokeaji ambaye picha zake zimezimwa haoni kitu. Kosa la pili ni urefu. Gmail huikata barua inayozidi kilobaiti 102, na kinachokatwa ni mkia, mahali ambapo kiungo cha kujiondoa kimekaa. Msomaji anayetaka kutoka hakuti mlango, basi anabonyeza spamu. Weka kiungo cha kujiondoa juu pia, chini ya jina la biashara, kwa herufi zinazosomeka.

## Dalili ya 2: Barua zinarudi

Soma kilichoandikwa kwenye barua iliyorudi. Watu wengi huifuta bila kuitazama. Tafuta namba. Inayoanza na 5 inasema kosa ni la kudumu. Inayoanza na 4 inasema jaribu baadaye. Mbele yake huwa pana namba tatu zenye nukta katikati, na hizo ndizo zinazotoa siri yenyewe.

550 5.1.1: anwani haipo. Kwa hoteli, mara nyingi haikuwahi kuwapo. Chukua kadi ya kujisajili ya mgeni aliyefika saa saba usiku kutoka uwanja wa ndege wa Moi. Amechoka, kalamu inakwama, mkono wake umeandika herufi ambayo inaweza kuwa l, inaweza kuwa I, inaweza kuwa 1. Asubuhi dada wa mapokezi anainakili kwenye jedwali la Excel, na mgeni wa Ujerumani aliyeandika hotmail.de anageuzwa kuwa hotmail.com kwa mazoea ya vidole. Tibu palepale inapoanzia: mgeni aandike mwenyewe kwenye tableti ya mapokezi, na mfumo umtumie barua fupi ya kuthibitisha papo hapo. Zile za zamani zisizosomeka usizikisie. Ukibahatisha herufi, unaweza kumpelekea mtu baki salamu za safari ya mwenzake. Kama una namba ya simu na ruhusa ya kuitumia, muulize mwenyewe. Kama huna, iondoe.

550 5.1.1 kwa wingi, kwenye orodha ya zamani. Google ilianza Desemba 2023 kufuta akaunti zilizokaa miaka 2 bila kutumiwa. Anwani za kazini hufa haraka zaidi, na mfano ulio karibu nasi ni mawakala wa forodha: mtu akihama kampuni, anwani yake inafungwa siku hiyo hiyo. Mbaya zaidi, baadhi ya anwani zilizokufa hufufuliwa na watoa huduma kama mitego ya kunasa watumaji wasiosafisha orodha zao. Orodha iliyolala miaka miwili usiitumie kwa mkupuo mmoja. Kama huna ushahidi wa idhini yao, achana nayo. Kama unao, tuma kwa mafungu madogo ukianza na wateja wa karibuni, na usimame mara tu marejesho yakianza kupanda.

5.2.2 au 4.2.2: kikasha kimejaa. Jaribu katika kampeni mbili zinazofuata, kisha ondoa.

5.7.1 au 5.7.26: umekataliwa wewe. Sikiliza vizuri hapa. Namba hizi hazisemi mpokeaji hayupo. Zinasema barua yako imezuiwa, ama kwa sera, ama kwa sababu haikuthibitishwa. Nimeona maduka yakifuta mamia ya wateja wema kwa kudhani kila kinachorudi ni anwani mbovu. Usifute yeyote, rudi dalili ya 1 utengeneze rekodi.

Uko kwenye orodha nyeusi, yaani ya watumaji wanaozuiwa. Ujumbe uliorudi ukitaja Spamhaus au jina linalofanana na hilo, nenda kwenye tovuti ya waliotajwa uangalie kikoa chako. Kukagua ni bure, na Spamhaus hawatozi pesa kukuondoa. Anayekupigia simu kudai malipo ya kukusafisha ni tapeli.

SIMAMA HAPA, umwite mtaalamu wa seva. Usinunue kikoa kingine ili ukimbie. Huenda nenosiri la sanduku moja limeibwa na mtu anatuma maelfu ya barua kwa jina lako usiku, au fomu ya tovuti imevamiwa. Ukihama bila kuziba tundu, kikoa kipya kitaungua vile vile.

## Dalili ya 3: Barua hazifunguliwi kama zamani

Usiiamini hesabu ya waliofungua. Tangu Septemba 2021 simu za Apple zimeweza kupakua picha za barua zenyewe hata kama mwenye simu hakuifungua, kwa hiyo namba hiyo hujaa hewa. Tazama waliobonyeza viungo, waliojibu, walioweka nafasi.

Sababu ya kwanza ni kuandika mara nyingi kuliko ulivyoahidi. Hili huja na msimu. Masika ya Aprili na Mei wageni wa pwani hupungua, mwenye hoteli anahangaika, na barua iliyokuwa ya kila mwezi inakuwa ya kila siku mbili. Namwelewa, mishahara haingoji. Lakini wale wale aliowachosha Mei ndio angewahitaji Agosti. Rudi kwenye kiasi ulichotaja mtu alipojisajili.

Sababu ya pili ni kumpelekea kila mtu kila kitu. Familia ya Nairobi inayokuja likizo ya Agosti, Mtaliano anayerudi kila mwaka na kampuni inayofanya semina hawana haja moja. Bei ya wakazi ikimfikia mgeni wa nje aliyelipa zaidi ya hiyo mwezi uliopita, hutapata oda, utapata barua ya hasira. Gawa orodha kwa lugha na kwa aina ya mteja.

Waliokaa kimya mwaka mzima waandikie barua moja ya kuwauliza kama wangependa kubaki. Asiyejibu, mwache aende.

## Dalili ya 4: "Nilijiondoa, mbona bado mnaniandikia?"

Hapa usikimbilie kujitetea. Mtu huyu kakueleza wazi asichokitaka, na bado yanaendelea. Kabla ya uchunguzi wowote, mzuie asipate barua nyingine, kisha mjibu siku hiyo hiyo. Majibu marefu huongeza moto. Kitu kama hiki kinatosha:

"Bi Fulani, tumeondoa anwani yako leo na hutapata tena matangazo yetu. Tulikuwa na orodha mbili na ombi lako la kwanza liliingizwa kwenye moja tu. Tumeirekebisha. Tumebakiza anwani yako peke yake, bila maelezo mengine, katika orodha ya wasioandikiwa, ili isije ikarudishwa kwa bahati mbaya. Ukitaka nayo ifutwe, au ukitaka kujua tuliipata wapi, jibu barua hii."

Bila shaka usiandike sababu hiyo kama siyo iliyotokea kwako. Sasa tafuta iliyotokea.

Orodha ni zaidi ya moja. Karibu kila mara ni hili. Mapokezi wana Excel yao, mtu wa masoko ana mfumo wake, meneja ana majina ndani ya Outlook. Mteja anajiondoa kwenye mfumo. Mwezi unaofuata Excel inapakiwa upya, naye anarudi kama vile hakuwahi kusema neno. Weka orodha moja ya wasioandikiwa, na iwe sharti kwamba hakuna jedwali linalopakiwa kabla ya kupitishwa humo. Mkabidhi mtu mmoja kazi hiyo kwa jina. Ikiwa ya wote haitafanywa na yeyote.

Ombi lilikuja kwa njia nyingine. Mteja hakubonyeza kiungo, alijibu barua. Nayo ilitumwa kutoka kwenye sanduku lisilosomwa na mtu. Au alisema kwa mdomo, akiwa amesimama mbele ya kaunta anachagua leso:

"Kaka, zile barua zenu zimenichosha. Nitoeni."

"Sawa mama, hamna shida."

Na ikaishia pale. Kijana hakukusudia ubaya, hana tu mahali pa kuandika. Weka daftari kaunta, au kundi la WhatsApp la wafanyakazi kwa kazi hiyo tu. Tumia anwani ya mtumaji inayosomwa kila siku. Ombi la mdomo ni ombi kamili.

Kiungo kimekufa au kina vikwazo. Kibonyeze mwenyewe, ukiwa kwenye simu. Kikikudai nenosiri, au kikakutaka uandike sababu kwanza, umeweka kizuizi. Kwa wanaotuma barua nyingi (kwa Google ni 5,000 au zaidi kwa siku), Google na Yahoo wanadai njia ya kujiondoa kwa mbonyezo mmoja, na ombi litimizwe ndani ya siku 2. Sheria ya Marekani ya 2003 inatoa siku 10 za kazi. Mimi ningekwambia iwe papo hapo, hata kama unatuma barua 200 tu. Mfumo wowote wa kisasa unaliweza hilo.

Hakuwahi kukubali tangu mwanzo. Sababu hii nimeiweka ya nne kwa sababu wenye biashara huitaja mara chache. Nina shaka ingekuwa juu zaidi kama wangeulizwa wateja.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 haikubali data ya mtu itumike kibiashara bila idhini yake ya wazi, au bila sheria nyingine inayoruhusu. Kanuni za 2021 zinaeleza zaidi: uwe uliichukua anwani kutoka kwa mwenyewe, ulimwambia kwamba matangazo ni mojawapo ya matumizi, amekubali, umempa njia nyepesi ya kujitoa, naye hajaitumia. Pima orodha yako kwa maneno hayo. Bakuli la kadi za biashara pale mapokezi? Mtu aliacha kadi ili ashinde chakula cha jioni, hakuomba jarida. Anwani iliyotolewa ili kupata Wi-Fi? Alitaka intaneti. Kisanduku ambacho tiki yake mliiweka ninyi? Tiki ni yenu, si yake. Karatasi ya mahudhurio ya maonyesho ya Mkomani? Inategemea kilichoandikwa juu ya karatasi ile, kwa hiyo itafute usome. Jedwali la wanakamati ya harusi? La hasha.

Na yule anayekuuzia anwani elfu kumi za wafanyabiashara wa Mombasa kwa flashi, usinunue hata kwa shilingi mia. Hakuna hata mmoja humo aliyewahi kusikia jina la duka lako.

Ukiwa na wageni wa Ulaya na unawaandikia warudi, kanuni za data za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Mei 2018 zinaweza kukugusa ingawa uko Shanzu. Njia salama kwa wote ni ile ya hatua mbili: mtu anajisajili, anapata barua ya kuthibitisha, na haingii kwenye orodha mpaka abonyeze. Hifadhi tarehe, saa na maneno aliyoyaona. Siku ukiulizwa ushahidi, huo ndio ushahidi.

Orodha yako ya sasa ikishindwa kipimo hiki, itenganishe. Wenye idhini inayoonekana wabaki. Waliosalia wasiandikiwe matangazo. Najua inauma kuona majina 4,000 yakibaki 600, lakini 600 hao ndio waliokualika.

SIMAMA HAPA ukipokea barua ya wakili au ya Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Usifute kitu, maana kufuta kutaonekana kuwa ni kuficha. Usimpigie mlalamikaji. Tafuta wakili anayeijua sheria hii, umpe nakala ya orodha na kumbukumbu za idhini. Ofisi inatakiwa kumaliza uchunguzi wa malalamiko ndani ya siku 90, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au 1% ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo. Si vitisho vya karatasi: Septemba 2023 kilabu kimoja cha Nairobi kilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake.

## Dalili ya 5: Mfumo umefunga akaunti, au umegonga kikomo

Kama unatumia Gmail ya kawaida na kuwaweka wote kwenye BCC, ile sehemu ya wapokeaji wasioonana anwani, kikomo ni wapokeaji 500 kwa siku. Kwa Google Workspace, ile ya kulipia, ni barua 2,000 kwa siku. Ukikipita unafungiwa kwa muda. Subiri, kisha hamia mfumo uliotengenezwa kwa kazi hii, maana Gmail haikuwekei kiungo cha kujiondoa.

Kama ni mfumo wa kulipia uliokufungia, sababu karibu zote ni mbili: marejesho mengi au malalamiko mengi baada ya kupakia jedwali jipya. Watakuuliza anwani ulizipata wapi. Jibu kweli. Usifungue akaunti kwa kampuni nyingine na kupakia jedwali lile lile; utafungiwa huko pia, na sasa kikoa chako kimechafuka sehemu mbili. Ukirudishiwa, tumia wiki za mwanzo kuwaandikia waliobonyeza kiungo hivi karibuni, uongeze idadi taratibu.

## Dalili ya 6: Majina ya ajabu yamejisajili kwa usiku mmoja

Asubuhi unakuta waliojisajili 300, majina ni mchanganyiko wa herufi, nchi hata huzijui. Usifurahi. Ni roboti. Wakati mwingine fomu yako imetumika kumshambulia mtu: anwani yake huandikishwa kwenye mamia ya fomu kwa saa moja ili kikasha chake kifurike, na tahadhari ya benki yake izame humo asiione.

Washa usajili wa hatua mbili nilioueleza kwenye dalili ya 4, weka kapcha kwenye fomu, yaani jaribio la kuthibitisha kwamba anayejaza ni mtu, ufute wote wa usiku huo ambao hawajathibitisha. Usiwatumie barua ya kuwaomba radhi, wamepata za kutosha.

## Dalili ya 7: Anwani za wateja zimeonekana na wasiohusika

Mtu ameweka wateja 180 kwenye CC badala ya BCC. Au kompyuta ya ofisi imeibwa kwenye gari pale Likoni ikiwa na jedwali lisilo na nenosiri. Au mfanyakazi ameondoka na orodha.

SIMAMA, na hapa usijaribu kujitatulia. Andika saa uliyogundua. Pale ambapo kuna hatari ya kweli ya watu kudhurika, sheria inakutaka umjulishe Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu ulipojua, na kuwaarifu walioguswa. Saa hizo hazisimami kwa Jumapili wala sikukuu, kwa hiyo wakili apigiwe leo. Wakati unamngoja, badilisha manenosiri yote ya mfumo wa barua, funga vipindi vilivyo wazi kwenye vifaa vingine, ufute funguo za API, zinazoziruhusu programu nyingine kuingia kwenye mfumo wako, ambazo hakuna anayejua ziliwekwa na nani. Usitume barua ya kuomba iliyotangulia isisomwe, kwa sababu itawafanya waifungue. Walioguswa waandikie mmoja mmoja, kwa maneno machache: nini kilitokea, data gani ilionekana, umefanya nini.

Angalia pia kama umesajiliwa katika Ofisi ya Kamishna huyo. Biashara yenye wafanyakazi chini ya 10 na mauzo chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka husamehewa usajili, lakini msamaha huo haufiki kwenye kampuni za ukarimu, yaani za hoteli na kadhalika, hata iwe nyumba ya wageni yenye vyumba sita, wala kwa wanaoishi kwa kutuma matangazo.

Kuhusu mfanyakazi aliyeondoka: wateja wakianza kukuuliza kwa nini wanapata ofa za hoteli ya jirani, waombe wakutumie barua hizo nzima kama kiambatisho, si picha ya skrini, ili vichwa vyake, yaani maelezo ya njia zilizopita, vibaki na vionyeshe zilikotoka. Mpe wakili. Mfanyakazi huyo usimpigie simu, na usiwaandikie wateja jina lake.